Kompyuta ya Shangazi

Kompyuta iliganda kwa muda wa sekunde kumi na moja. Daktari, aliyekuwa katika hospitali ya jimbo jingine, alikwisha kumaliza kueleza dawa inywewe mara ngapi kwa siku, na mama wa Kikongo aliyeketi mbele yake alikuwa akingoja kuyasikia maelezo hayo kwa Kiswahili. Baina yao alikuwapo mkalimani, mwanamke wa Tanga mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ndani ya chumba cha kulala cha ghorofa ya tatu huko Silver Spring, Maryland, akiutazama uso wa daktari uliosimama mdomo wazi kwenye skrini. Picha iliporudi alifanya jambo ambalo mkalimani hulichukia kuliko yote: aliomba radhi, akamsihi daktari arudie. Daktari akarudia. Mgonjwa hakudhurika kwa lolote. Lakini zile sekunde mwanamke huyu alikuwa amezihesabu, na usiku ule usingizi ulichelewa kuja.

Kazi yenyewe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumpatia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza, wajibu ambao mizizi yake imo katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kwa kuwa wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo wamepewa makazi katika miji ya Marekani, Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazoitwa usiku na mchana. Mwanamke wa Tanga amejifunza kukisikiliza Kiswahili cha Bukavu bila kukisahihisha. Amejifunza kutamka kongosho, tezi na mshipa wa fahamu pasipo kusita. Jambo ambalo hakuwahi kujifunza ni kilichomo ndani ya kasha jeusi lililo chini ya meza yake, ingawa bila kasha hilo hana kazi.

Kasha lilinunuliwa mwaka 2015. Ndani yake mlikuwa na kichakataji cha Intel Core i5-4460, toleo la 2014, kumbukumbu ya gigabaiti 8 ya aina ya DDR3, na diski ya kuzunguka ya terabaiti moja. Kwa miaka kumi halikumdai kitu ila umeme. Kisha mwezi Septemba 2025 wakala anayempangia kazi akaleta barua: Microsoft ingeacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba, na kuanzia hapo mkalimani wa hospitali angetakiwa kuwa na Windows 11. Alijaribu kuiweka. Mashine ikamjibu kwamba haikidhi masharti. Windows 11 hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au cha baadaye, isipokuwa vichache vilivyosamehewa. Hiki chake kilikuwa cha kizazi cha nne.

Yapo hapa mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea fedha. Kuganda kwa sekunde kumi na moja kulikuwa ni ugonjwa. Barua ya wakala ilikuwa ni hukumu. Mashine ile ingeweza kuponywa ugonjwa ikabaki na hukumu, au kuepushwa hukumu kwa gharama kubwa huku ugonjwa ukisalia palepale. Duka la matengenezo la jirani lilimwambia kwamba kuifungua tu na kuitazama kungemgharimu karibu nusu ya fedha alizokuwa nazo, nazo zilikuwa dola 300. Nyingine zote zilikuwa ndani ya bahasha ya ada: binti wa kaka yake yuko mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, na ada ya muhula hulipwa Januari.

Kwa hiyo alimpigia simu kaka wa binti huyo. Kijana ana meza ya ufundi Kariakoo, Dar es Salaam, katika ujia mwembamba baina ya maduka mawili ya simu. Shangazi yake ndiye aliyemlipia mafunzo. Ilikuwa saa nne usiku Silver Spring, saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Nimekuamsha?”

“Nilikuwa naamka kuswali. Kuna nini?”

“Kompyuta. Inakwenda polepole mno.”

“Usiniambie inakwenda polepole. Tuangalie inangoja nini.”

Ingefaa maneno hayo yaandikwe mlangoni mwa kila duka la kompyuta. Kijana alimwelekeza afungue orodha ya kazi zinazoendeshwa, amsomee asilimia. Kichakataji kilikuwa kikitumika kwa asilimia 12. Kumbukumbu, asilimia 71. Diski, asilimia 100, na haikushuka hata baada ya dakika tano. Kichakataji, ambacho shangazi alikuwa tayari kukibadilisha kwa sababu rafiki yake wa Hyattsville alimwambia ndicho ubongo wa mashine, kilikuwa kimekaa kinangoja. Diski ya kuzunguka ina mkono unaohama huku na huko juu ya sahani kuitafuta kila herufi iliyoombwa. Programu za siku hizi huomba vitu vingi vidogo kwa pamoja, na mkono ni mmoja. Diski mango haina sahani wala mkono. Hilo moja, alisema kijana, lingeirudishia mashine nusu ya umri wake, na bei yake ni chakula cha watu wawili hotelini.

Ukikaa Silver Spring, usipokuwa na gari, safari ya kwenda Rockville kwa treni ya Laini Nyekundu ni kichekesho. Laini hiyo imepindwa mfano wa kwato ya farasi: huna budi kushuka hadi katikati ya Washington, upite Union Station na Metro Center, kisha upande tena kaskazini kupitia Bethesda, ili ufike mji ambao kwa gari ungefika baada ya robo saa au nusu saa. Lakini Rockville lipo duka la Micro Center, mojawapo ya mahali pachache katika eneo hili ambapo mtu anaweza bado kuingia, akakishika kichakataji mkononi na kukilipia kaunta. Alirudi na diski mango ya gigabaiti 500 kwa dola 38, na bisibisi.

Jumamosi aliegemeza simu kwenye kopo la kahawa, kamera ikilitazama kasha, akaondoa ubavu wake. Vumbi la miaka kumi lilikuwa limelala ndani kama pamba. Kijana alimwamuru aguse kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini umtoke, kisha akaanza kumtajia: hii ni pawa saplai, hii ramu, hii hadi diski, na ubao huu mpana unaobeba vyote ni mazabodi.

“Kwa Kiswahili inaitwaje?” shangazi aliuliza, kwa mazoea ya kazi.

“Hicho ndicho Kiswahili, shangazi.”

Wasomi wa lugha wanayo majibu mengine. Wapo wanaoandika bodimama, wapo wanaopendelea ubao mama. Kenya vitabu vya shule viliipokea tarakilishi huku Tanzania ikibaki na kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na waliozitafsiri walilazimika kuamua neno moja baada ya jingine. Kazi yao haikupotea. Lakini ujia wa Kariakoo haukuwangoja, na mkalimani ambaye mchana kutwa huchagua baina ya neno la kamusi na neno la mgonjwa alilielewa hilo mara moja. Tangu siku ile alisema mazabodi.

Diski ilipobadilishwa, mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne kuamka iliamka kabla maji ya chai hayajachemka. Haikuganda tena. Ugonjwa uliisha kwa dola 38. Hukumu ikabaki.

Kuibatilisha hukumu kulihitaji mnyororo, na hapa ndipo watu wengi wenye bajeti ndogo huzama. Kichakataji kipya hakiwezi kukaa kwenye soketi ya zamani, kwa hiyo lazima ubao mama ubadilike. Ubao mpya haupokei kumbukumbu ya DDR3. Hata pengo lililochongwa kwenye kingo za vipande limehamishwa makusudi, ili DDR3 isiingie mahali pa DDR4, wala DDR4 mahali pa DDR5. Ukivuta pete moja, pete tatu zinakuja. Kijana alishauri soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD, iliyopitwa na nyingine mwaka 2022 na kwa sababu hiyo ikawa nafuu, pamoja na kichakataji cha Ryzen 5 5600G. Alisisitiza ile herufi G. Ryzen 5 5600 isiyo na G ni nzuri tu, ila haina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini yenyewe, na asiyejua huifikisha nyumbani akatazama skrini nyeusi usiku kucha. Shangazi aliandika kwenye daftari: ubao 90, kichakataji 130, kumbukumbu ya gigabaiti 16 dola 45. Jumla 265. Pamoja na diski, 303. Alivumilia zile tatu za ziada.

Kisha kijana akauliza swali alilokuwa akiliogopa. Leseni ya Windows ilikuja na mashine, au ilinunuliwa kando?

Ilikuja na mashine. Leseni ya namna hiyo imefungamanishwa na ubao mama. Mwenye mashine anaweza kubadilisha diski, kumbukumbu, hata kasha, na Microsoft itaendelea kuitambua. Akibadilisha ubao mama, kwao hiyo ni kompyuta nyingine, na leseni mpya ya toleo la nyumbani dukani ni dola 139. Babu yao alikuwa fundi wa majahazi Tanga, na kijana akamkumbusha shangazi yake jinsi mzee alivyokuwa akisema juu ya vyombo vilivyoletwa kwake: ubao ukioza weka ubao, taruma likivunjika weka taruma, lakini mkuku ukienda usiniambie nimekutengenezea chombo, niambie nimekuundia kingine.

“Mazabodi ndiyo mkuku,” alisema. Akanyamaza kidogo. “Ila ipo njia. Namba za leseni hapa Kariakoo zinauzwa bei ya soda.”

“Hapana.”

“Kila mtu—”

“Baba, mimi nasikia siri za wagonjwa kwenye mashine hii. Siwezi kuweka mlango ambao sijui nani ana ufunguo wake.”

Hakurudia tena, wala hakutaja njia zile za kuyakwepa masharti ya Windows 11 ambazo mafundi wote wanazijua. Linux, ambayo yeye mwenyewe huitumia, haikukubaliwa na wakala. Ule mwaka mmoja wa ziada wa ulinzi ambao Microsoft iliwauzia wenye Windows 10 kwa dola 30 nao haukukubaliwa. Badala yake kijana aliongeza gharama. Pawa saplai ya miaka kumi, alisema, haifai kulisha ubao mpya; ikifa vibaya hufa na wenziwe. Aliweka dola 50 juu ya hesabu. Ikumbukwe kwamba kila dola aliyoiongeza ilikuwa ikitoka katika bahasha ya dada yake, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Fundi anayekushauri utumie fedha ambazo zingemfikia yeye ni fundi wa kusikilizwa.

Wakala aliongeza muda hadi mwisho wa Novemba, na shangazi akafanya kosa la watu waangalifu: alingoja ajikusanyie. Aliporudi Rockville katikati ya mwezi huo, ubao mama ulikuwa bei ileile na kichakataji bei ileile. Kumbukumbu iliyokuwa dola 45 ilikuwa dola 100.

Sababu yake haikuwa mbali. Maili thelathini hivi kutoka Washington, katika kaunti ya Loudoun, Virginia, uko mji wa Ashburn, na kuuzunguka yamesimama majengo makubwa yasiyo na madirisha, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote duniani wa vituo vya data. Eneo hilo lilianza kuvuta nyaya za intaneti tangu miaka ya 1990. Sasa akili unde imeleta njaa mpya, nayo hula kumbukumbu. Watengenezaji wakuu wa kumbukumbu duniani ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na wote wamegeuza sehemu ya viwanda vyao kuelekea kumbukumbu ya gharama kubwa inayotakiwa na mashine za akili unde. Micron inacho kiwanda Manassas, katika eneo hilihili la jiji la Washington. Desemba 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo kwa miaka mingi limewauzia watu wa kawaida vipande vya kumbukumbu. Kwa maneno mengine, kumbukumbu inatengenezwa Manassas, inatafunwa Ashburn, na mwanamke mwenye daftari anaikosa Rockville. Ukiwa na gari, miji yote mitatu unaweza kuizunguka kwa asubuhi moja. Ni vigumu kupata mahali pengine duniani ambapo uchumi huu umekaa karibukaribu namna hii, na bado hakuna anayeuona kutoka dirishani.

Hesabu mpya ilikuwa hivi: ubao 90, kichakataji 130, kumbukumbu 100, pawa saplai 50, leseni 139. Dola 509, bila kodi, bila diski aliyokwisha kununua. Aliisoma kwa sauti. Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi sasa, maana Marekani ilikuwa imekwisha kurudisha saa nyuma, na honi za daladala zilisikika nyuma ya sauti ya kijana.

“Shangazi, huko Washington kuna ofisi?”

Alidhani anataniwa.

“Jiji zima ni ofisi, baba.”

“Basi tafuta boksi la ofisi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, lolote la mwaka 2018 kuja juu. Huku tunaishi kwa hayo. Yanakuja kwa makontena.”

Alieleza kwa utulivu wa mtu anayezungumzia riziki yake. Ofisi hubadilisha kompyuta zote kwa pamoja kila baada ya miaka michache, si kwa kuwa zimekufa bali kwa kuwa mkataba umekwisha. Serikali, kampuni za mawakili, wakandarasi wa ulinzi, wote huzitoa kwa mamia. Kila boksi lina ubao mama wake, na leseni imefungwa kwenye ubao huo, halali, imelipiwa na mwingine. Lina kumbukumbu ndani ambayo muuzaji aliipanga bei kabla njaa ya Ashburn haijafika. Mtoto wa Kariakoo alikuwa akimfundisha mkazi wa Maryland kula makombo ya Washington, kwa kuwa yeye ameyala miaka kumi.

Hakumficha ubaya wake. Boksi la ofisi limeundwa kwa vipimo vya kampuni yake: pawa saplai si ya kawaida, ubao haukai katika kasha jingine, na siku kimoja kikifa huwezi kuingia Micro Center ukanunua mwenzake. Kasha jeusi la 2015, pamoja na uzee wake, lingeweza kupokea ubao wa kampuni yoyote. Shangazi alikuwa anaiacha mashine inayotengenezeka na kuchukua isiyotengenezeka, na sababu pekee ilikuwa bei. Ni mara chache watu wasio na fedha huruhusiwa kununua kinachodumu, na haingekuwa kweli kusema kwamba safari hii iliruhusiwa.

Aliipata Beltsville, kwa muuzaji wa vifaa vya ofisi vilivyotumika: OptiPlex 5060 yenye Core i5-8500 ya kizazi cha nane na kumbukumbu ya gigabaiti 16, dola 165. Kodi ya Maryland ni asilimia 6, kwa hiyo alilipa 174.90. Kwenye ubavu bado ilikuwa na kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi fulani, nusu kimebanduliwa. Alihamisha diski mango, akaweka Windows 11 upya juu yake, na mashine ikajitambulisha yenyewe bila kuuliza leseni. Jumatatu alirudi kazini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee wa Uvira mwenye shinikizo la damu, na hakuna kilichoganda.

Lile kasha la zamani alilisogeza karibu na mlango. Kaunti ya Montgomery hupokea vifaa vya elektroniki kwenye kituo chake cha taka cha Shady Grove, na alikuwa amekwisha kuomba lifti ya kumfikisha huko Jumapili. Kijana alipoliona kwenye kamera aliuliza linakwenda wapi.

“Jalalani, baba. Limekwisha.”

“Limekwisha kwa nani? Windows imelikataa, Linux hailikatai.” Kisha akasema kwamba dada yake anaandikia kazi za chuo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kwamba ada ya Januari, kama shangazi hatakasirika, nusu yake alikwisha kuilipa yeye mwezi uliopita, alikuwa akitafuta namna ya kumwambia.

Shangazi hakukasirika. Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko sekunde kumi na moja, hata kijana akadhani mtandao umekatika.

“Nisikie, shangazi. Usitume kasha, litakula nafasi. Kasha na pawa saplai ninazo. Tuma mazabodi tu, na ramu zake.”

Pipa la watu wa Tanga lilikuwa linafungwa wiki ile kwa ajili ya meli ya kutoka Baltimore. Usiku ule alilaza kasha ubavu, akagusa chuma kwanza, akaanza kufungua skrubu za ubao mama, akiziweka moja moja katika kifuniko cha kopo la kahawa. Alipofika kwenye kichakataji aliinua kichwa na kuuliza kama akitoe akifunge peke yake.

“Usikiguse,” sauti ikajibu kutoka Dar es Salaam. “Kwenye hiyo, vipini vimo ndani ya soketi, na kimoja kikipinda ubao umekufa. Kiache kikae humohumo. Kifunike na feni yake, kisha uuzungushie kanga mbili.”